Mfupa umeunga, mguu bado haujarudi: jibu kwa mjomba wa Mikindani

SWALI: "Shikamoo daktari. Nina mpwa wangu wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, ni winga wa kulia. Mwishoni mwa Desemba alivunjika mguu wa kushoto kwenye ndondo, mifupa yote miwili ya chini ya goti. Hakupasuliwa. Alifungwa hogo, yaani plasta ngumu, mpaka juu ya goti, baadaye likapunguzwa likawa la chini ya goti, mwisho wa Machi likatolewa. Sasa ni Mei. Anatembea bila magongo na anasema haumwi, ila mguu umekonda, enka haikunji vizuri, na akichoka anachechemea. Kocha wa shule anamtaka kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, mwezi ujao. Anasema haina shida kwa sababu mguu ulioumia ni wa kushoto na kijana anapiga kwa kulia. Tena kuna mtu wa akademi anatoka Dar kuja kuangalia vijana. Mama yake, dada yangu, anaogopa, akaniachia mimi niamue. Je, acheze? Na kuna mzee anasifika kwa kuunga mifupa, tumpeleke akamnyooshe hiyo enka? Mimi mjomba mtu, Mikindani."

Marahaba, mjomba. Nianze na lile unalolisubiri: mwezi ujao asicheze. Si dakika 90, si robo saa ya mwisho, si hata kuingia kupasha na wenzake halafu muone itakuwaje. Najua jibu hili litamliza mtoto na kumkera kocha, ndiyo maana sitaki kukuachia neno tupu. Nimefanya kazi ya mazoezi tiba huku Kusini miaka mingi, na katika vijana wa mpira waliopita mikononi mwangu, walioniumiza kichwa zaidi ni wale waliopona haraka wakajiona wameshamaliza. Mpwa wako yuko hapohapo sasa hivi.

Ugoko ukivunjika, damu huganda pale penye mvunjiko, kisha mwili unajenga kovu laini la kuziba pengo, kisha kovu lile linajaa madini na kuwa gumu. Kwa kijana wa umri wake kazi hiyo ikienda vizuri huchukua kama miezi mitatu hadi minne, na nyumbani watu husema kapona. Lakini kovu likishakuwa gumu ndipo mwili unaanza kulichonga na kulipanga upya, ukiimarisha panapobeba uzito na kupunguza pasipobeba. Kazi hiyo inakwenda kwa miezi mingi, mara nyingi inapita mwaka. Umewahi kuugusa ukuta wa udongo uliokandikwa juma lililopita? Kwa nje umekauka, ukiugonga unalia, mbuzi akijikuna hapo hauanguki. Chomeka kijiti pale penye nguzo, utakuta ndani bado mbichi. Ugoko wa mpwa wako uko hivyo leo. Kutembea unakubeba. Beki wa kilo 70 anayekuja kwa kasi ni mzigo mwingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kukimbia hata hatua kumi, apigwe picha mpya ya eksirei, ya mbele na ya ubavu. Katika picha hizo mbili mfupa huonekana una kuta nne, na daktari wa mifupa huangalia kama walau kuta tatu zimeshikana kwa mfupa mpya. Muulize hivyohivyo: zimeshikana ngapi, na mfupa umekaa sawa au umepinda? Hospitali ya Ligula si mbali na kwenu, na ile Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mitengo. Mkifika, msiondoke bila kupelekwa kitengo cha mazoezi tiba. Familia nyingi huchukua picha, huambiwa "mfupa mzuri", hugeuza nyumbani, na mazoezi anaachiwa mtoto ayabuni mwenyewe.

Nyumbani nako kuna jambo moja la kutazama. Alale chali kwenye mkeka, miguu imenyooka, magoti yote mawili yakitazama dari. Wewe kaa upande wa nyayo. Je, vidole vya miguu yote vinaelekea sawasawa, au wa kushoto umegeukia nje zaidi au ndani zaidi? Kama tofauti inaonekana wazi kwa macho, mwambie daktari, maana mfupa unaweza kuunga huku umezunguka kidogo, na kwa mchezaji hilo si dogo.

Sasa hili la kocha kwamba mguu ulioumia si wa kupigia. Nalisikia kila mwaka, na ni kinyume kabisa. Mtazame winga wa kulia anapopiga krosi. Mguu wa kulia uko hewani. Wa kushoto umechomekwa chini, goti limekunjwa, enka imekunjwa, mwili mzima unazungukia juu ya ugoko ule mmoja. Kila pasi ndefu, kila shuti, kila kona anayopiga, mzigo unaupokea mguu wa kusimamia. Akikata ndani kutoka pembeni kulia, mguu anaousukumia mwili mara nyingi ni wa kulia, lakini akisimama ghafla kumwacha beki, wa kushoto ndio breki. Kwa hiyo mvunjiko wake uko mahali pabaya kwa namba anayocheza, na mazoezi yake lazima yalenge hapo.

Umeniambia anasema haumwi. Sikatai, ila kijana aliyeambiwa kuna mtu wa akademi anakuja atakuapia hivyo hata akiwa na msumari mguuni. Tafuta ushahidi ambao hauna mdomo. Jioni moja kaa barazani, umgeuzie mgongo, mwambie apite kwenye sakafu ya saruji na kandambili, aende na kurudi mara kumi. Usimtazame, sikiliza tu. Mguu mzima kandambili inapiga kisigino halafu inajibu, mlio wa kushoto na wa kulia unafanana kama ngoma ya watu wawili waliozoeana. Mguu usiotaka kubeba hukaa chini muda mfupi, kwa hiyo utasikia mmoja mzito na mmoja wa haraka, mzito na wa haraka. Ukisikia hivyo, bado anachechemea, hata kama macho yako yameshazoea na hayaoni tena. Kisha chukua kandambili zenyewe uzigeuze. Kama ya kushoto imelika upande mmoja zaidi ya mwenzake, umepata jibu la pili.

Halafu azima utepe kwa fundi cherehani. Mlaze kijana, mwambie alegeze mguu, utafute pale ambapo kigimbi ni kinene kuliko kwingine, pima mzunguko, andika. Fanya hivyo kwa miguu yote. Rudia kwenye paja, sentimita 15 juu ya ukingo wa juu wa pia ya goti. Baada ya miezi mitatu ndani ya hogo sitashangaa ukikuta kigimbi cha kushoto kimepungua sentimita mbili au tatu. Usiogope. Nyama hurudi, ila hairudi kwa kasi iliyoondokea. Kwa uzoefu wangu hesabu walau mara mbili ya muda uliokaa umefungwa. Na utepe hauonyeshi nguvu, unaonyesha unene tu, kwa hiyo tunahitaji kipimo kingine.

Asimame peku kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa msingi wa nyumba, kisigino kikining'inia nje, kidole kimoja tu cha mkono kikigusa ukuta ili asiyumbe. Anyanyue kisigino mpaka juu kabisa, ashuke taratibu mpaka chini kabisa. Hesabu kwa sauti. Aanze na mguu mzima, ili ujue kiwango chake mwenyewe; mchezaji wa umri huo huwa anafika 20 na zaidi. Kisha wa kushoto. Acha kuhesabu pale anapoanza kuishia nusu njia, anapokunja goti ili kudanganya, au anapoegemea ukuta. Ukipata 6 wakati mwenzake kapata 25, utaelewa mwenyewe kwa nini nimesema asicheze, na kijana ataelewa pia bila wewe kumhubiria. Msuli wa ndani ya kigimbi, ule uliolala chini ya ule unaoonekana, mtu akikimbia hubeba mara sita hata nane ya uzito wa mwili wake kwa kila hatua. Usipokuwa na nguvu, mzigo ule hupokelewa na mfupa, na mfupa wenyewe ndio huo wa ukuta mbichi.

Zoezi la kuirudisha nguvu ni hilohilo la kupimia. Kwa wiki za kwanza anyanyuke kwa miguu miwili, ashuke kwa mmoja wa kushoto akihesabu mpaka nne. Seti tatu za 10, siku moja afanye, siku moja apumzike. Zikiwa rahisi, anyanyuke na kushuka kwa mguu mmoja. Zikiwa rahisi tena, ashike dumu la lita 5 lililojaa maji, ambalo ni kilo 5, baadaye mawili. Afanye pia kukaa na kuinuka kwenye benchi kwa mguu mmoja, kwa sababu paja nalo limelala miezi mitatu. Na asimame kwa mguu wa kushoto huku akirushiwa mpira na kuurudisha kwa mguu wa kulia, pasi fupi za mita tatu, polepole. Hilo atalipenda, maana ni mpira, na ndilo zoezi la mguu wa kusimamia nililokueleza.

Kuhusu enka na yule mzee. Simdharau. Waunga mifupa wa kienyeji walishika kazi hii huku kwetu wakati hospitali ilikuwa safari ya siku mbili, na wapo wenye mikono mizuri ya kutambua mvunjiko kwa kupapasa. Lakini enka ya mpwa wako haikuteguka. Ilifungwa pembe moja kwa wiki kumi na mbili, ngozi yake ya ndani na kano zimefupika, nayo hufunguka kwa kuzoezwa kidogokidogo kila siku na uzito wake mwenyewe. Ikivutwa kwa nguvu siku moja, nguvu hiyo haiishii kwenye enka, inapanda kwenye ugoko, moja kwa moja mpaka penye mvunjiko. Na nyama iliyopondeka ikikandwa kwa nguvu mno inaweza kuota mfupa ndani yake, jambo nililoliona zaidi ya mara moja na ambalo ni tabu kulitibu. Kumfunga mtoto kwa vijiti na vitambaa vya kubana ndiyo sitaki kabisa kusikia. Damu ikizuiwa, mguu unaweza kufa. Kama bibi yake anataka kumpaka mafuta ya nazi ya vuguvugu kwenye kigimbi na kumpapasa taratibu jioni, ampake, mtoto atalala vizuri. Pale penye mvunjiko asipaguse.

Enka tuipime hivi. Asimame peku akitazama ukuta, ncha ya kidole gumba cha mguu ikiwa karibu na ukuta. Apinde goti liende mbele mpaka liguse ukuta, kisigino kikibaki chini. Likigusa, arudi nyuma sentimita moja, ajaribu tena, na tena, mpaka umbali ambao goti linagusa kwa tabu lakini kisigino hakijanyanyuka. Hapo pima kutoka ncha ya kidole mpaka ukutani. Tuseme wa kulia umepata sentimita 11 na wa kushoto 5. Lengo letu ni tofauti isiyozidi sentimita 2. Shika kisigino chake kwa vidole vyako wakati anajaribu, kwa sababu atakinyanyua bila kujua, na hakikisha unyayo unatazama mbele. Enka ngumu hupenda kukimbilia kugeuza vidole nje. Zoezi lake ni hilohilo la ukuta, mara 15 taratibu, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya wiki tatu kipime tena. Mara nyingi hapo ndipo kijana anaanza kucheka.

Nyie wa Mikindani mna kitu ambacho wagonjwa wangu wa bara, wa Newala na Masasi, hawana: ghuba iliyotulia. Mtu akisimama kwenye maji ya kitovuni, maji humbebea karibu nusu ya uzito wake. Yakifika kifuani humbebea zaidi. Kwa hiyo kijana anaweza kutembea kwa hatua ndefu, kupandisha magoti, hata kuanza kukimbia palepale alipo, wakati nchi kavu bado tunamkataza. Aanze na dakika 15, afike 30, mara tatu kwa wiki. Waulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, maana yakipwa sana mtatembea kwenye matope na mikoko badala ya maji. Avae yeboyebo kwa ajili ya mawe na miiba, asiende peke yake, na kama ana kidonda chochote kisichofunga hogo lilipomchubua, asubiri kifunge kwanza.

Mchanga wa ufukweni ni habari nyingine. Vijana wetu wanaamini mbio za mchangani ndizo zinazorudisha pumzi, na wenye miguu mizima wafanye. Kwa huyu, mchanga mkavu unazama na kukivuta kigimbi na enka kuliko vinavyoweza, na ule mgumu wa karibu na maji umelala upande, mguu mmoja juu na mwingine chini, kila hatua. Mbio zake za kwanza ziwe kwenye uwanja wa nyasi au udongo ulio sawa, usio na mashimo, asubuhi anapoona anapokanyaga.

Mbio hizo ataanza lini? Kalenda isiwe mwamuzi. Ataanza pale ambapo eksirei imeridhisha, anatembea haraka dakika 30 mlio wa kandambili ukiwa sawa, anafikisha visigino 15 safi kwa mguu wa kushoto, na kesho yake asubuhi mguu haujavimba. Hapo akimbie taratibu dakika moja, atembee mbili, mizunguko minane, siku tatu kwa wiki zilizoachana. Wiki inayofuata dakika mbili kwa moja. Aongeze hivyo mpaka akimbie dakika 20 mfululizo. Mfundishe kuyapa maumivu alama kutoka 0 hadi 10: kwenye msuli, mpaka 3 tunavumilia endapo asubuhi yake imeisha, palepale penye mvunjiko tunataka 0. Ikiwa 1 tu kwenye mfupa, anapumzika siku mbili na kurudi hatua moja nyuma. Na asimeze diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ili aweze kufanya zoezi. Dawa haiondoi tatizo, inamnyima mfupa sauti.

Baada ya mbio za moja kwa moja zinakuja za kasi, kwanza nusu ya kasi yake, halafu robo tatu. Kisha kukata kona. Kisha mpira bila kukabwa, kisha mazoezi kamili na timu kwa wiki tatu au nne, ndipo mechi ya nusu saa. Kabla ya kuruhusu kukabana nataka kipimo kimoja zaidi. Chora mstari wa chaki barazani. Asimame kwa mguu mmoja kwenye mstari, aruke mbele mbali awezavyo, atue kwa mguu uleule na atulie bila kuyumba, pima mpaka kwenye kisigino. Mara tatu kila mguu, chukua iliyo ndefu. Kama mguu wa kulia umepata sentimita 150, wa kushoto upate walau 135, yaani asilimia 90. Akipata umbali lakini anatua kwa goti linaloanguka ndani, hesabu kwamba hajapata.

Ukiniuliza miezi, nakwambia nategemea mechi yake ya kwanza iwe Oktoba au Novemba, korosho zikiwa zinaokotwa. Inaweza kuwa mapema kidogo, inaweza kuchelewa.

Mweleze kijana habari za Aaron Ramsey. Februari 27, 2010, akiwa na miaka 19, alivunjika mifupa yote miwili ya mguu wa kulia akiichezea Arsenal dhidi ya Stoke City. Alikuwa na madaktari na wataalamu wa viungo kila siku, na bado alirudi uwanjani Novemba, tena kwa kupelekwa kwa mkopo Nottingham Forest apate dakika kwanza. Luke Shaw wa Manchester United alivunjika Septemba 15, 2015 kule Eindhoven akiwa na miaka 20, na msimu ule hakucheza tena. Ni kweli mifupa ya kijana wa miaka 16 huunga haraka kuliko ya mtu mzima. Lakini hao walikuwa wanalipwa kupona, na mpwa wako anapona huku akichota maji na kwenda shule. Asisahau pia kwamba Ramsey huyohuyo ndiye aliyefunga bao la ushindi kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 2014.

Na nikueleze la kwangu mwenyewe. Kuna kijana wa upande wa Tandahimba, golikipa wa miaka 17, alikuja kwangu akiwa na mvunjiko kama huu. Mwezi wa tano akaniambia kijijini kuna fainali, akaniomba. Nilimwambia hapana, lakini nilimwambia kwa haraka, foleni ilikuwa ndefu, sikumpima mbele ya baba yake wala sikumwonyesha namba yoyote. Akacheza. Hakugongwa na mtu. Aliruka kudaka, akatua kwenye kishimo. Mfupa ukakatika palepale. Safari hii akawekewa vyuma, na mwaka mzima ukapita. Tangu siku hiyo simwambii mzazi "hapana" bila utepe mkononi, ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu.

Chakula nakigusa kwa ufupi, maana huko kwenu hakina shida kubwa. Supu ya kongoro ni nzuri lakini haina muujiza. Dagaa wanaoliwa wazima na miba yake wana madini ya mfupa kuishinda. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: samaki, ng'onda, mayai, mbaazi, kunde, maziwa yakipatikana. Ufuta na korosho vipo mlangoni. Mihogo na ming'oko vinashibisha, ila visiwe peke yake. Sigara asiiguse, kwa sababu inachelewesha mfupa kuunga, na hili halina ubishi.

Kuna kitu hukukiandika, mjomba, lakini nakiona nyuma ya maneno yako. Kijana wa miaka 16 aliyevunjika mbele ya watu aliusikia mlio wa mfupa wake. Wengi huniambia, wakishazoea kuongea nami, kwamba mlio ule unarudi usiku. Muulize mkiwa wawili tu, njiani au mkivua, usimuulize mbele ya watu: analala? Anaota? Anaogopa nini zaidi, kuumia tena au kusahaulika? Akisema anaogopa, usimwambie mwanaume haogopi. Mchezaji anayeogopa anaingia kwenye mpira nusunusu, na anayeingia nusunusu ndiye anayeumia. Hofu nayo inazoezwa kama kigimbi: siku ya kwanza ya kukabwa, akabwe na rafiki yake mmoja, kwa mwendo wa kutembea, wiki nyingine kwa mwendo wa kukimbia taratibu, halafu watatu.

Hali hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisitake abaki nyumbani wakati wa mashindano. Mwambie kocha ampe kazi. Akae benchi na daftari, aandike beki wa pembeni wa wapinzani anapitwa upande gani, kona zao zinaelekea wapi. Mtu wa akademi akija, kocha amwambie ukweli wote: kuna winga hapa, alivunjika Desemba, anafuata ratiba, vipimo vyake ni hivi. Anayetafuta vijana kwa dhati ataandika jina na kurudi. Kocha akikushikilia, kumbuka kwamba huku kwetu neno la mjomba lina uzito ambao mimi sina. Dada yako hakukuachia uamuzi huu kwa sababu amechoka; amekuachia kwa sababu wewe ukisema, kijana atasikia na kocha atanyamaza.

Atakaporudi, usimruhusu kuingia uwanjani bila vikinga ugoko, vya kweli. Kwenye ndondo nimeona vijana wakichomeka vipande vya boksi ndani ya soksi. Vikinga havizuii kila mvunjiko, lakini vinapunguza nguvu ya teke, na sheria za mpira zenyewe zinavitaka.

Wakati wowote kati ya sasa na siku hiyo, ukiona kigimbi kimevimba ghafla, kina joto na kinauma, au maumivu ya mfupa yanamwamsha usiku, au ana homa, au ameanguka na kuushika mguu, usinisubiri mimi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Jumamosi hii pima vitu vitatu: mzunguko wa kigimbi, enka ukutani, na visigino. Andika namba za kulia na za kushoto kwenye karatasi moja na tarehe, aishike yeye mwenyewe, aibandike ukutani anapolala. Nitumie nakala pamoja na majibu ya eksirei. Baada ya wiki tatu mpime tena, tuone zimesogea wapi.